Mposaji wa Kila Asubuhi

Mpo? Kama mpo, fungeni midomo. Kama mmesinzia, hasara yenu.

Zamani, zamani ile mawe yalipokuwa bado laini na watu wana haya, huko milimani kwenye baridi ya kukausha masikio, aliishi mzee Senkondo na mkewe Nakunda. Senkondo miguu ilikuwa imekufa, akitambaa kwa makalio. Nakunda miguu anayo, ila kichwa kinavuja. Usicheke, wewe mwenye kamasi! Ingawa wenyewe walicheka kukuzidi.

Asubuhi Nakunda akiamka, humkodolea macho aliyelala kando yake.

"We nani, kitandani kwangu?"

Kumwambia "mumeo" Senkondo alishajaribu. Nakunda akapiga yowe mpaka mbuzi wakakata kamba. Basi akajifunza kujibu, "Mimi mposaji, binti. Nimetoka mbali."

"Umetoka mbali kwa makalio?"

"Ndiyo ujue nakupenda."

"Sikutaki! Kiwete mzima! Nani atachota maji?"

"Utachota wewe. Mimi nitakaa mlangoni nikuite, usipotee."

Hapo Nakunda hucheka, hufikiri, halafu huenda kuwasha moto. Jua likipanda, kashakubali. Kila siku anaposwa, kila siku anakataa, kila siku anaolewa. Nyumba gani hapa kwetu ina arusi nyingi hivyo?

Sasa alikuwepo Kadeghe, kaka yake Nakunda. Mtu wa kweli, mtu mkavu, hata akicheka unadhani anaumwa jino. Siku hiyo alikuja kumjulia dada yake hali, akafika mapema, akasimama nje ya mlango. Akasikia nini? "Sikutaki! Kiwete mzima!"

Basi. Hilo tu. Na desturi ya enzi zile, mwanamke akimkataa mume mbele ya kaka yake, kaka humrudisha kwao.

"Shemeji, nimesikia kwa masikio yangu," akasema Kadeghe.

"Ngoja kidogo tu, shemeji. Atakubali. Hunikataa kila siku, halafu hukubali."

"Kila siku? Nawe umekaa tu! Huna haya?"

Akamshika dada yake mkono, akapanda naye mlima.

Senkondo akafanya nini? Akawafuata. Mlima ule, wanangu, kwa makalio, viganja vikichubuka. Alipoingia uani kwa Kadeghe anavuja damu, anavuja machozi. Wazee wa ukoo wakaitwa, wakakaa. Nakunda akaulizwa, "Unamjua huyu?"

Na Senkondo, mjinga yule, siku moja iliyohitaji utani, utani ukamkimbia. Akalia, "Mimi mumeo, Nakunda! Mumeo!"

Nakunda akajificha mgongoni kwa kaka yake. "Mwondoeni. Ananitisha."

Wazee wakaamua. Senkondo akateremka peke yake. Baridi ikamkamata njiani, ikaingia kifuani, ikakaa.

Kesho yake Nakunda akaamka, akatazama huku na huku. "Mposaji wangu hajaja?"

"Mposaji gani?" akauliza Kadeghe.

"Jina silijui. Yule wa kunichekesha."

Kadeghe akaelewa. Ee, alielewa siku hiyo hiyo! Lakini kuwarudia wazee na kusema "nimekosea" kulimshinda. Akasema kesho. Na kesho akasema kesho. Alipojikaza akateremka, alikuta kaburi, udongo wake haujakauka.

Nakunda hakuacha kuuliza. Kila asubuhi, "Mposaji wangu hajaja?" Na Kadeghe, ambaye hakuwa na utani hata wa kuazima, humjibu kweli: "Alikuwa mumeo, dada. Amekufa." Mama wa watu huangua kilio kama aliyesikia sasa hivi, maana kwake ni sasa hivi. Kila asubuhi anafiwa, mpaka alipokufa mwenyewe.

Basi mafunzo ni haya: ukisikia neno mlangoni kwa watu, ngoja usikie na la pili. Na ukikosea, rudi siku hiyo hiyo, hata kama uso unakuwaka moto.

Kisa nimekitua hapo. Atakayekiokota asikitie sukari. Haya, kanaweni miguu.