Sinia Lililokwenda Dukani

Mla kwa sinia hahesabu sahani.

Maneno hayo mliyasikia jana, mjomba wenu alipoingia uani na baiskeli ya mashindano yenye matairi membamba kama utepe, ati ya kubebea nazi kutoka shambani. Shangazi yenu aliitazama baiskeli, akaitamka methali, akarudi jikoni. Ninyi mkacheka kwa sababu wakubwa walicheka. Kucheka usichokielewa ni uvivu wa akili, nami sikuwalea katika uvivu. Ketini vizuri basi, msikie methali hii ilikotoka.

Ilitoka jikoni, huko Ngamiani, mjini Tanga. Palikuwa na mawifi wawili, Bi. Mwantumu na Bi. Chausiku, mjane wa kaka yake. Walikuwa wapishi wa harusi. Bi. Mwantumu alipika, akapokea sifa, na jina lake likawa vinywani mwa watu. Bi. Chausiku aliosha. Miaka ishirini na miwili aliosha, kwa makumbi ya nazi, sabuni na maji ya moto, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyemwuliza chombo gani ni kizito na kipi ni chepesi.

Nanyi mnajua desturi ya harusi zetu. Wanaume hulishwa kwanza, baada ya adhuhuri, nikaha ikiisha kufungwa. Wanawake hulishwa baada ya alasiri. Watu watano hulizunguka sinia moja, na masinia yale yale waliyolia wanaume ndiyo watakayolia wanawake. Kwa hiyo baina ya sala mbili masinia themanini sharti yaoshwe, yakaushwe, yapakuliwe tena. Hapo ndipo jina la mpishi hujengwa au hubomoka.

Mwaka wa ishirini na mbili mikono ya Bi. Chausiku ilishindwa. Ngozi iliyo kati ya vidole ilichubuka na kutoa maji, kucha zikalegea. Alikuwa akishona kofia ya viua ya mwanawe, aliyekuwa karibu kuoa. Akafika nusu, sindano ikawa haishikiki. Tabibu alimfunga bendeji, akamwambia, "Bibi, miezi sita usitie mikono hii majini. Ukiitia, usije kuniuliza kwa nini vidole havikunjiki."

Bi. Mwantumu alipoisikia habari hiyo alilia, maana moyo wake ulikuwa mwema. Kasoro yake ilikuwa kichwa. Akasema, "Wifi, sitakubali. Nitanunua mashine ya kuoshea vyombo. Wewe utakaa kitini, utabonyeza tu."

Wakaenda dukani pamoja. Duka lilikuwa na ubaridi, sakafu inang'aa, na ukutani picha kubwa za mashine zilizofunguliwa, ndani yake sahani nyeupe zimesimama wima kwenye vichanja vya waya. Muuzaji, Bw. Lwitiko, mtu wa makamo mwenye kalamu sikioni, aliwasalimu kwa adabu, akawavutia viti.

"Mnahudumia watu wangapi, mama?"

"Mia nne," akasema Bi. Mwantumu.

"Basi ni sahani mia nne kwa mkupuo mmoja."

Bi. Mwantumu akazitazama zile picha. Akamtazama Bw. Lwitiko na shati lake lililonyooka. Ghafla akaona haya kusema kwamba wageni wake hula kwa mikono, watano watano, chombo kimoja.

"Naam, mia nne," akasema. "Tena weka na hamsini za akiba."

Bi. Chausiku alidhani masikio yake yamepatwa na maradhi ya mikono yake. Sahani mia nne na hamsini! Nyumba nzima haikuwa na sahani thelathini, na sita kati ya hizo zilikuwa na nyufa.

"Wifi," akasema, "lakini masinia..."

Akafinywa paja. "Nyamaza, wifi. Usituaibishe mbele ya watu."

"Aibu gani? Sinia ni aibu tangu lini?"

"Haya ni mambo ya kitaalamu. Bwana ameuliza, nimemjibu."

"Mwoshaji ni mimi, wifi. Angeniuliza mimi."

"Wewe ni mgonjwa. Pumzika."

Bi. Chausiku akapumzika, yaani akayauma meno yake mpaka shingo ikamwuma. Bw. Lwitiko akaandika, akawaonyesha mashine ya sahani, nzuri ajabu, ikanunuliwa.

Ilipoletwa na kufungwa, Bi. Mwantumu aliwaita majirani. Akatia bilauri, akatia vibakuli vya kachumbari, akabonyeza. Mashine ikanguruma, ikanyamaza, vyombo vikatoka vikimeta. Majirani wakapiga vigelegele.

"Hebu tujaribu sinia moja," akasema Bi. Chausiku.

"Utaikwaruza ingali mpya! Sinia utalitia siku ya kazi."

"Na siku ya kazi likikataa?"

"Wifi, wewe una mdomo wa nuksi. Nawe umetafutiwa raha, huitaki."

Wala Bi. Mwantumu hakuishia hapo. Wale wanawake wawili waliokuwa wakija kumsaidia Bi. Chausiku kuosha, aliwaambia Jumamosi, siku ya harusi iliyofuata, wasije, kwa kuwa kazi yao sasa ina mwenyewe. Bi. Chausiku aliposikia hivyo alitoka nje, akasimama ukutani, akahesabu pumzi kumi. Mtu ukimwomba akusaidie mguu, naye akakuletea kofia, utamshukuru au utamlaumu? Hilo ndilo lililomchosha zaidi ya maradhi.

Jumamosi ikafika. Harusi ilikuwa Chumbageni, kwa watu wakubwa, nayo mashine ilibebwa ikafungwa uani chini ya turubai. Bi. Mwantumu alivaa bangili zake zote. Wanaume wakala, wakamshukuru Mungu, wakanawa. Masinia themanini yakarudi uani, rojo limeanza kukauka kingoni, punje za wali zimeshika kama gundi.

"Tazameni sasa," akasema Bi. Mwantumu kwa shangazi za bibi harusi waliokuja kustaajabu. Akalichukua sinia la kwanza mwenyewe, akalisukuma ndani ya mashine.

Sinia likagonga fremu. Akalisukuma tena, likagonga tena. Akaliinamisha, likaingia nusu, nusu ikabaki nje kama ulimi. Akajaribu kuufunga mlango, mlango ukakataa. Akaligeuza juu chini, kana kwamba duara likigeuzwa hupungua.

"Labda tuoshe nusu, kisha tuoshe nusu," akasema shangazi mmoja.

"Na mlango ukiwa wazi, maji yatamwosha nani?" akauliza mwingine.

Bi. Mwantumu akampigia simu Bw. Lwitiko, akaweka sauti ya nje ili ushahidi usikike.

"Bwana wee, mashine yako haitaki sinia!"

"Sinia? Lina kipimo gani, mama?"

"Kipimo cha watu watano!"

"Mama, mashine hupimwa kwa sentimita. Tena uliniambia sahani."

Bi. Mwantumu akaikata simu. Mama wa bibi harusi akachungulia mlangoni, uso ameukunja. "Adhana ya alasiri hiyo inatoka. Wanawake mia nne wameketi ukumbini. Wali utapakuliwa juu ya nini? Viganjani?"

Hapo Bi. Chausiku akainuka kitini. Miaka ishirini na miwili haimtoki mtu kwa bendeji. Akaenda kwenye karai, akaanza kuifungua mikono. Bendeji ikateremka mzunguko mmoja, mzunguko wa pili, na chini yake ngozi ikaonekana, nyekundu kama ya mtoto mchanga. Akakumbuka maneno ya tabibu. Akaikumbuka kofia iliyolala kapuni, nusu viua, nusu kitambaa kitupu.

Akasimama. Akaifunga bendeji upya, polepole, kisha akarudi kitini akaketi.

"Wifi!" Bi. Mwantumu akalia. "Unaketi sasa? Tunaaibika!"

Hapo ndipo Bi. Chausiku aliposema. Hakupiga kelele, mtu aliyechoka kwelikweli hana haja ya kelele.

"Mla kwa sinia hahesabu sahani, wifi. Wewe ulimhesabia yule bwana sahani mia nne na hamsini. Haya, niletee hata moja, niioshe kwa mikono yangu hii."

Bi. Mwantumu akakisogelea kiti cha wifi yake. Akaitazama ile mikono, na nadhani ndiyo mara ya kwanza kuitazama tangu ilipougua. Kabla ya hapo alikuwa akiionea huruma tu, na huruma si kutazama. Akavua bangili moja moja, akazitia katika kibakuli cha kachumbari. Akajifunga kanga kiunoni, akachuchumaa penye karai.

Shangazi za bibi harusi wakatazamana. Mmoja akaangua kicheko, "Mla kwa sinia hahesabu sahani!" Akavua viatu, akachuchumaa naye. Wakaja watatu, wakaja saba. Mmoja akisugua, mmoja akisuuza, mmoja akifuta, na kila sinia lilipopita mkono hadi mkono, lile neno likapita nalo, na kila mtu akilicheka upya. Bi. Chausiku akawaelekeza kwa kidole kilichofungwa: "Kingo kwanza. Kingo, mwanangu! Katikati hujiosha penyewe." Neno likafika ukumbini kabla ya wali.

Wali nao ulifika, umechelewa, lakini katika masinia safi. Kwa wiki nzima Bi. Mwantumu hakupita sokoni asisikie mtu akimwuliza kama sahani zake hazijambo.

Jumatatu Bi. Chausiku alichukua sinia kubwa kuliko yote, akajitwika kichwani, akashika njia ya dukani. Bi. Mwantumu akamfuata nyuma, kimya, jambo ambalo Ngamiani hawakuwahi kuliona. Bw. Lwitiko alipowaona aliichukua kalamu sikioni.

"Karibuni, mama zangu. Safari hii ni sahani ngap..."

Bi. Chausiku akalitua sinia juu ya meza yake, likalia kama kengele.

"Hakuna sahani. Chombo chetu ndicho hiki. Nionyeshe kinapoingia."

Bw. Lwitiko akalitazama sinia, akamtazama Bi. Mwantumu, naye akaiangalia sakafu. Tumpe haki yake, hakujitetea. Akatembea nao duka zima, akifungua mlango baada ya mlango, na Bi. Chausiku akilisukuma sinia mwenyewe kwa kiwiko. Mashine ya kwanza ikakataa. Ya pili ikakataa. Mwisho, pembeni, nyuma ya majokofu, palikuwa na mashine pana isiyopendeza, ambayo waoka mikate huoshea trei zao. Haikuwa na picha ukutani. Sinia likaingia, likalala chali, na juu yake pakabaki nafasi ya la pili.

"Hii," akasema Bi. Chausiku.

"Haivutii, wifi," Bi. Mwantumu akanong'ona, kisha akajishika kinywa.

Wakabadilishiwa kwa nyongeza kidogo. Ile kofia ya viua mwanawe aliivaa siku ya nikaha yake, nayo ilikuwa imekamilika pande zote.

Sasa mmekwisha kusikia. Ondokeni mkamsaidie mjomba wenu kuirudisha ile baiskeli dukani. Na safari hii msiende mikono mitupu: chukueni gunia la nazi, lijae mpaka mdomoni, mkalipakie juu ya kila baiskeli atakayoonyeshwa, muuzaji akitazama. Akiwacheka, mwambieni kwa adabu, nanyi sasa mnajua mnachokisema:

Mla kwa sinia hahesabu sahani.