Kamba za Sikitu

Fundo la haraka hufunguka hadharani. Asubuhi hii mwalimu wenu amemwambia hivyo mwenzenu aliyekuwa akivaa deraya kwa pupa, nanyi mkacheka, kisha mkaja kuniuliza maneno hayo yametoka wapi. Kaeni chini, wajukuu zangu. Mikono iendelee kufunga, masikio yanisikilize. Methali hii ilianza na mkasi.

Miaka hiyo hapa Korogwe palikuwa na timu ya kwanza ya kendo, huu mchezo wa Wajapani wa kupigana kwa panga za mwanzi. Mhandisi mmoja wa Kijapani aliyekuja kujenga daraja aliwafundisha vijana katika ghala kuukuu la katani, na siku ya kuondoka akawaachia deraya sita: kofia zenye wavu wa chuma usoni, mabamba ya kifua, mikanda mipana ya kiunoni na glavu nene. Akawaachia na neno moja: "Deraya haivaliwi, hufungwa."

Kila kipande kilikuwa na kamba zake ndefu za pamba. Kofia peke yake ilizungushwa kamba mara mbili kichwani, zikapishana mbele ya wavu, zikarudi kisogoni na kufungwa fundo la masikio mawili. Kila kamba ililala juu ya mwenzake bila kujipinda. Anayejua alimaliza kabla chai haijapoa. Asiyejua alitoka jasho hata kabla ya kushika upanga.

Aliyejua kuliko wote alikuwa Sikitu Mhando, binti wa miaka kumi na tisa. Mama yake alikuwa msokota kamba katika kiwanda cha katani. Kamba za mhandisi zilipooza kwa unyevu, mama huyo ndiye aliyesuka nyingine za pamba kwa deraya zote sita, mpaka vidole vikachubuka. Sikitu alikaa kando yake akijifunza. Mwenyewe alisema baadaye kwamba kila alipoifunga kofia yake, alihisi mama amemshika kichwa kwa mikono miwili, anamwambia: nenda.

Nahodha wa timu alikuwa Shekiondo, fundi wa pikipiki, hodari wa upanga na hodari zaidi wa maneno. Mwaka uliotangulia walikwenda mashindanoni Tanga wakachelewa kuingia uwanjani kwa sababu ya kufunga. Ukumbi mzima ukawazomea: "Watu wa katani wanasuka! Watu wa katani wanasuka!" Mzomeo ule ulimwingia Shekiondo kama mwiba wa mkonge. Hakuusahau.

Wiki tatu kabla ya mashindano mengine, akaingia ghalani na mkasi wa fundi cherehani na mfuko wa lastiki na kulabu.

"Leteni deraya," akasema. "Tunakata kamba, tunashona lastiki. Unavuta, paa! Umevaa. Mwaka huu tutawasubiri wao."

Wenzake wakashangilia. Deraya tano zikakatwa siku ile ile. Sikitu alitazama kamba za mama yake zikidondoka sakafuni vipande vipande kama mikia ya panya. Ilipofika zamu yake, akaikumbatia kofia.

"Lete, binti."

"Sileti."

"Sikitu, tumechekwa kwa sababu ya mafundo yako haya."

"Mlichekwa kwa sababu hamjui kufunga. Mimi nilikuwa tayari, nimekaa nawasubiri ninyi."

"Nani nahodha hapa?"

"Wewe, kaka. Nahodha wa watu. Kamba hizi zina mwenyewe."

Shekiondo akaupigisha mkasi hewani, kacha, kacha. "Basi sikia. Asiye na lastiki hachezi. Tanga utakwenda kama akiba, utakaa kwenye benchi. Tukirudi, deraya hiyo nampa mtu mwingine, nawe urudi kwa mama yako mkasokote."

Wengine wakacheka. Mntambo, kijana aliyependa vibwagizo, akaanzisha wimbo wakauitikia wote:

"Kaa na kamba zako,
mashindano si yako!"

Jioni Sikitu alimwambia mama yake: "Mama, wamezikata."

Mama akauliza: "Na zako?"

"Zangu ninazo."

"Basi sijasuka bure," mama akasema, akaenda kuteka maji.

Siku ya mashindano, Korogwe walivaa kufumba na kufumbua. Wakasimama uwanjani vifua mbele wakati wenyeji bado wamepiga magoti wanafunga, na safari hii ukumbi uliwapigia makofi. Shekiondo akageuka kumtazama Sikitu, akakonyeza. Sikitu alikuwa amepiga magoti mwisho wa benchi, bamba na mkanda vimefungwa barabara, kofia na glavu zimepangwa mbele yake kama mhandisi alivyofundisha.

"Umejipamba, dada," Mntambo akamtania. "Bwana harusi yuko wapi?"

"Yupo njiani. Nawe usidhani ndiwe."

Sheria zilikuwa hivi: deraya ikifunguka, mwamuzi husimamisha pambano na mchezaji hupewa dakika tatu ajifunge. Akishindwa, timu imwingize akiba ndani ya dakika hizo hizo, la sivyo imepoteza. Baada ya mapambano manne, kila timu ilikuwa imeshinda mawili. La tano lilikuwa la manahodha.

Nahodha wa Tanga alikuwa jitu refu lenye mikono mizito. Pigo lake la kwanza lilitua katikati ya kofia ya Shekiondo. Pigo halikuhesabiwa, lakini lastiki ilihesabu. Ilikatika kwa mlio uliosikika mpaka mlangoni, kulabu ikaruka, na kofia ikazunguka mpaka wavu ukakaa sikioni. Shekiondo akabaki anapigana na giza. Ukumbi ukaangua kicheko.

"Simama!" mwamuzi akaita. "Jifunge. Dakika tatu."

Shekiondo akavua kofia, akaigeuza huku na huku. Palipokuwa na kamba palikuwa na vishina viwili vifupi kama vidole vya mtoto.

"Kwa nini hujifungi?" mwamuzi akauliza.

"Sina kamba," akajibu, na sauti yake ilikuwa ndogo.

Akakimbilia benchi. "Sikitu! Nipe kofia yako, haraka!"

"Sikupi."

"Dada, ni timu hii!"

"Timu ina akiba. Sema jina langu."

"Dakika hazitoshi, wewe! Utafunga saa ngapi?"

"Zinatosha, kama hutanipotezea kwa maneno."

Shekiondo akatazama vishina mkononi mwake, akatazama saa ya mwamuzi. Kisha akalisema jina lake, kwa sauti ya watu wote kusikia.

Sikitu akafunga kitambaa kichwani. Akainua kofia, akaivaa, akaanza. Mzunguko wa kwanza. Watu wa Tanga wakakumbuka: "Watu wa katani wanasuka!" Akavuta kamba, akailaza, akahakikisha haikujipinda. Mzunguko wa pili. Mntambo alikuwa anatafuna kucha. "Dakika moja imebaki," mwamuzi akasema. Vidole vya Sikitu havikukimbia wala havikusita. Alipofikia fundo alijibu mzomeo ule bila kuinua kichwa, kwa sauti ambayo benchi lote liliisikia:

"Hizi kamba ni zangu,
na zamu hii yangu!"

Akavuta masikio mawili ya fundo yakalingana. Akavaa glavu. Akasimama.

Jitu la Tanga lilimpiga kichwani mara tatu, pale pale lilipompiga Shekiondo. Wavu ulilia, shingo ikauma, lakini mapigo hayakuwa safi, na kofia haikusogea hata unene wa unyuzi. Lilipoinua mikono kwa mara ya nne, limekasirika kwamba kitu hiki kidogo hakifunguki, Sikitu aliingia chini ya upanga wake na kumpiga kifundo cha mkono. Bendera tatu za waamuzi zikapanda pamoja. Pambano likaisha kwa pigo hilo moja, na Korogwe wakashinda.

Kesho yake Shekiondo alikwenda kwa mama yake Sikitu na deraya tano begani. "Mama, shikamoo. Nimekuja ututengenezee kamba."

"Marahaba," mama akaitikia. "Mama hatazisuka tena," Sikitu akadakia. "Ulizikata wewe, utazisuka wewe. Zote. Mimi nitakuwa nakagua."

Akasuka. Wiki saba. Alikosea akafumua, akakosea tena akafumua tena. Jozi ya mwisho ilipokwisha, alichukua chaki akaandika juu ya mlango wa ghala maneno ambayo mwalimu wenu huyatumia hadi leo.

Nawe binti unayefunga kofia, waniuliza: "Na huyo nahodha, babu, yuko wapi siku hizi?"

Yuko hapa mbele yako, mjukuu wangu, na anakuona ukiruka mzunguko wa pili. Fumua, uanze upya. Fundo la haraka hufunguka hadharani.