Mlango Uliozibwa Masikio

Wapendwa, na nyie mlioko kule nyuma karibu na spika, msisinzie. Mfano wa leo ni wa spika.

Alikuwepo fundi mmoja wa redio za magari, katika mji wa milimani kama huu wetu. Ukimpelekea gari lenye milango inayopiga kelele kama debe tupu, anabandua plastiki ya ndani, anasafisha bati kwa petroli, anabandika shuka nzito za lami mpaka bati linakuwa bubu, ndipo anafunga spika mpya. Akimaliza anaugonga mlango kwa ngumi. Mwanzo ulilia twaa! Sasa unasema dup. Hiyo dup ndiyo ilikuwa fahari yake.

Siku moja akaja mteja mwenye haraka zake. "Fundi, kesho mchana nampeleka mama kwa dada yake kule bondeni. Hajatoka nyumbani tangu tumzike baba. Sasa hili gari linanikera kwa makelele. Zibia milango yote minne, weka spika, nisisikie kitu kingine."

Fundi akaliendesha kidogo kwanza, ajue kelele zinatoka wapi. Milango ilikuwa inagonga, kweli. Lakini kila akikata kona anasikia mlio mwingine, ng'wiii, tairi la mbele kushoto. Hiyo ni beringi, akajua. Ikifa kabisa, tairi linachomoka. Akajiambia, akija kuchukua gari nitamweleza.

Kesho yake mteja akaja na mama yake, kajifunga kitenge kipya, kabeba kikapu cha ndizi. Fundi akajikaza. "Bosi, tairi lako la mbele kushoto lina mlio."

"Twende tuusikilize."

Wakazunguka uwanja mara moja. Fundi akatega sikio. Kimya.

"Unausikia?"

"Sasa hivi siusikii, bosi."

"Basi si umekwisha! Fundi, Mungu akubariki, una mikono ya dhahabu wewe."

Fundi alitaka kuongeza neno. Lakini nani hapa amewahi kukatiza sifa zake mwenyewe? Anyooshe mkono. Haya, hakuna hata mmoja.

Gari likaondoka. Fundi akaagiza chai, ikapoa mbele yake. Kila akifumba macho anauona ule mteremko wa kwenda bondeni, zile kona, na yule mama na ndizi zake. Akapiga simu. Inaita, haipokelewi. Akapiga tena, na tena. Itapokelewaje, wapendwa? Si spika zake mwenyewe ndizo zinanguruma mle ndani! Akadandia pikipiki yake.

Alilikuta gari linakaribia kichwa cha mteremko. Akapiga honi, wapi. Akapiga kelele mpaka sauti ikakauka, wapi. Akasogea ubavuni, akaugonga mlango kwa ngumi kwa nguvu zake zote.

Dup.

Dereva hata hakugeuka. Anatikisa kichwa na muziki. Jamani, mnaelewa yule fundi alivyojisikia?

Akapita mbele, akaiweka pikipiki katikati ya barabara. Gari likasimama kwa breki kali, limebakiza hatua moja limkanyage.

"Una wazimu? Unataka kutuua?"

Fundi akashuka. Akamvuta mkono mpaka kwenye tairi. "Gusa hapa." Mteja akagusa rimu, akaurudisha mkono mbio. Ilikuwa ya moto kama kikaango, inanuka grisi iliyoungua.

Ndipo mama akasema taratibu kutoka kiti cha nyuma: "Mwanangu, mimi nyayo zangu zinatetemeshwa na sakafu ya gari tangu tulipotoka. Ila nilivyokuona una furaha, nikaona nisikuharibie."

Mlikuwa mnangoja nimseme dereva, eh? Nawaona, kila mtu ameshamtafuta dereva wake kwa macho. Mwacheni. Yeye hakusikia. Sisi tuliosikia je? Fundi alijua, akanyamazishwa na sifa. Mama alijua, akanyamazishwa na mapenzi. Unamwona ndugu yako anaangamia, unamdokeza mara moja kwa sauti ya chini, anakujibu vizuri, unanawa mikono: "Mimi nilimwambia." Ulimwambia nini, mpendwa, na mlango umeuziba mwenyewe?

Na mimi mchungaji wenu simo? Nimo. Ziko Jumapili nimebandika lami humu ndani, mkanishika mkono pale mlangoni mkisema, leo umetubariki. Nikaenda nyumbani, chakula hakishuki.

Yule fundi angechelewa kona moja tu, tungekuwa tunazungumza mengine. Basi leo, kabla hujaketi mezani, yupo mtu wa kumpigia simu. Umeshamjua, usijifanye. Asipopokea, mfuate.