Bi Pimbi, Bwana Fisi na Meli Mbili

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa na nini?

— Sema wewe mwenye mdomo!

Pakawa na ziwa, ziwa likawa na maji, na maji yakawa na uongo wa kumtosha kila mtu kwa kata yake. Nichote, nisichote?

— Chota, bibi, tunywe!

Haya. Wewe unayetafuna mhogo hapo nyuma, tafuna polepole, usinitilie makapi kwenye hadithi.

Zamani hizo wanyama walikuwa wakisafiri kwa starehe. Si kwenda kuuza, si kwenda kuzika. Kutembea tu na kutazama. Mara moja kwa mwaka, mavuno yakiisha, meli mbili zilikuja gatini kuwazungusha ziwani. Moja kubwa, moja ndogo. Kubwa iliitwa Sultani wa Maji. Ilikuwa na sitaha juu ya sitaha, na honi yake ikilia, booooo, vifaranga waliingia uvunguni. Ndogo iliitwa Kifuu. Honi yake ililia pii, pii, na hakuna aliyegeuka.

Gati hilo lilikuwa na desturi zake. Ukitaka kiti, unatandika kitambaa chako juu yake. Kitambaa kikilala kitini, kiti ni chako, hata ukienda zako sokoni. Lakini siku utakapokula chakula cha meli, basi, umekuwa wa meli hiyo. Ukila kwa Sultani, Kifuu imekuacha. Ukila kwa Kifuu, Sultani amekuacha. Aliyekula kwetu ni wetu, ndivyo walivyosema, na Mzee Korongo, mkuu wa gati, alisimama kwa mguu mmoja tangu asubuhi kuhakikisha desturi inafuatwa.

Basi akaja Bi Pimbi. Mnamjua pimbi? Mnyama wa majabalini, mdogo kama sungura, mkia hana, masikio ya kuazima. Alikuja mbio, he he he, kikapu kichwani, kanga imemlegea kiunoni. Mbayuwayu alikuwa amemletea salamu: binti yako kule Kisiwa cha Majabali amejifungua, na mtoto atatolewa nje mwezi ukiandama.

Na kwa mapimbi, sikilizeni vizuri, jina la mtoto hutoa bibi mzaa mama, siku hiyo hiyo mtoto anapotolewa nje. Bibi mzaa mama asipokuwepo, jina hutoa bibi mzaa baba. Na huyo bibi mzaa baba alikwisha tangaza kisiwa kizima kwamba jina analo tayari. Mtoto ataitwa Tandabelua.

Tandabelua, yaani fujo na vurugu! Mjukuu wa kwanza! Bi Pimbi alilia njia nzima.

"Mzee Korongo, shikamoo," alisema akitweta. "Nataka kiti kwenda Kisiwa cha Majabali."

"Marahaba. Hakuna kiti."

"Hata Sultani wa Maji, yote ile?"

"Imejaa. Tena ile haikufai, mama. Tumbo lake limezama sana, majabali yatalitoboa. Inapita mbali, abiria wanapunga mkono, imetoka. Kifuu ndiyo inayogusa jabali lenyewe."

"Basi Kifuu."

"Imejaa pia." Korongo akabadilisha mguu. "Yaani, kuna kiti kimoja Kifuu na kimoja Sultani ambavyo havina mtu ila vina vitambaa. Na vitambaa vyote viwili ni vya Bwana Fisi."

Bwana Fisi alikuwa anakuja zake gatini wakati huo huo. Kwaru kwaru kwaru, kucha juu ya mbao. Alipanda Sultani, akanusa jikoni, fu fu fu, akashuka. Alipanda Kifuu, akanusa jikoni, fu fu fu, akashuka. Tangu meli zifike, hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake. Udenda ulimtoka, to, to, to, lakini hakula hata punje. Alijua akila huku atapoteza kule. Mwenye tamaa kuliko wote ndiye aliyefunga kuliko wote, mbavu zinahesabika.

"Bwana Fisi, hujambo baba. Umechagua meli?" aliuliza Bi Pimbi.

"Bado nalinganisha."

"Utachagua lini?"

"Nikimaliza kulinganisha. Watu wanasema njia mbili zilimshinda babu yangu. Babu alikuwa na haraka! Alikwenda zote mbili kwa pamoja, akapasuka msamba. Mimi nimesoma. Mimi nalinganisha kwanza."

Bi Pimbi akamweleza shida yake. Akamweleza binti, akamweleza mtoto, akamweleza Tandabelua. Fisi akacheka mpaka akakaa chini.

"Tandabelua, jina zuri! Kichwani una nini?"

"Zawadi za mzazi. Unga wa uji, njugu za kukaanga, kashata."

"Nipe kikapu, nitakuachia kiti cha Kifuu."

Bi Pimbi alikipenda kile kikapu. Alitwanga ule unga kwa mikono yake. Lakini akakitua, akampa. Fisi akaingiza kichwa. Gwia, gwia, gwia! Unga, njugu, kashata, kwishnei. Chakula cha kikapu si chakula cha meli, kwa hiyo alikula kwa amani. Akala na mkono wa kikapu.

"Haya baba, kitambaa?"

"Kitambaa gani?"

"Ulisema utaniachia kiti."

"Na nitakuachia. Lakini je, nilitaja siku? Bi mkubwa, mimi sikusema uongo. Jifunze kusikiliza!" Akaondoka, kwaru kwaru kwaru, kwenda kulinganisha.

Bi Pimbi akakaa juu ya gogo la kufungia kamba, akalia. Alilia kwa ajili ya unga, akalia kwa ajili ya binti aliyekuwa anamsubiri kwa mapishi ya uzazi, halafu akalia kwa hasira, na kilio cha hasira ndicho kinachokausha macho. Alipopangusa pua alikuwa anafikiri. Sikusema uongo, sikusema uongo. Haya, alijiambia, na mimi sitasema uongo.

Akainuka, akapanda Sultani wa Maji. Akaizunguka yote, akachungulia kila mlango. Akashuka, akapanda Kifuu. Kuizunguka Kifuu hata jasho halikumtoka. Akashuka, akarudi kukaa mbele ya Sultani, akaitazama na kuguna.

"Lo! Lo, lo, lo."

Kwaru kwaru kwaru. "Unaguna nini, kibibi?"

"Naitazama hii meli, baba. Sijaona."

"Umelinganisha?"

"Nimelinganisha."

Fisi akasogea. Siku zote hizo alilinganisha kwa pua. Hajapata mtu wa kumpa habari. "Hebu. Vitanda?"

"Kifuu, aibu tupu. Ubavu kwa ubavu. Mtu hageuki mpaka mwenzake akubali."

"Na Sultani?"

"Sultani? Ukipotea humo, hutafutwi! Kutoka kitandani hadi jikoni ni mwendo wa kubeba maji njiani."

Kweli au uongo? Kweli! Bi Pimbi mwenyewe alipotea mara mbili, akarudishwa na mfagizi.

Fisi akameza mate. "Sahani?"

"Kifuu hawana sahani, baba. Sinia moja, limewekwa katikati, kila mtu anatia mkono wake. Huna chako."

"Huna chako!" Fisi alishtuka. Na mkono wake ulikuwa kama koleo! Angelikalia lile sinia, wenzake wangelamba vidole vitupu. Lakini alikwisha sikia "huna chako", masikio yakaziba.

"Na Sultani?"

"Kila mtu na sahani yake. Sahani moja," Bi Pimbi akatanua mikono mpaka ikamwishia, "kama ungo. Ina mfuniko wa kung'aa. Mtu na joho analeta, mtu na joho anafunua."

"Kama ungo!" To, to, to.

Kweli au uongo? Kweli! Alisema sahani. Aliulizwa sahani.

"Na njiani? Inasimama wapi?"

Bi Pimbi akatikisa kichwa kwa huzuni. "Kifuu inasimama kila jabali. Shuka, panda. Shuka, panda. Wenyeji wanakuvuta mkono, njoo ule, njoo ukae. Sultani haisimami kwa ajili ya mtu. Ikishang'oa nanga, hata uwe nani, ni humo humo mpaka ziwa lizungukwe lote."

"Mambo ya wakubwa hayo," alisema Fisi kwa sauti ndogo.

Hapo Bi Pimbi akapiga magoti, akamshika mguu. "Bwana Fisi, baba yangu. Wewe chukua Kifuu. Niachie mimi Sultani wa Maji!"

Ninyi, msinitolee macho. Kuomba si kusema uongo. Mbona ninyi mnaomba mvua inyeshe siku ya shule?

Fisi akamtazama. Akaitazama Kifuu. Akaitazama Sultani. Kisha akacheka kile kicheko chake kibaya.

"Ahaaa! Kumbe! Kibibi kisicho na mkia kinataka kulala kitanda cha kupotea! Kinataka sahani kama ungo! Toka!"

Kwaru kwaru kwaru kwaru! Huyo juu ya ngazi, huyo ndani, huyo kitini. "Leteni sahani! Leteni chakula! Fisi amechagua!"

Mtu na joho akaleta. Sahani kama ungo, mfuniko unang'aa. Mtu na joho akafunua. Katikati ya ule weupe wote palikuwa na kipande cha nyama sawa na kidole gumba, kimeegemezwa jani moja, na pembeni tone la mchuzi limepakwa kama wanja.

Fisi hakutazama. Gwaa! Nyama, jani, mchuzi.

"Nyingine!"

"Ijayo ni jua likizama, bwana," alisema mtu na joho, akaondoka na sahani.

Chini gatini Mzee Korongo akateremsha mguu wake wa pili, jambo ambalo halikupata kuonekana. "Amekula! Aliyekula kwetu ni wetu! Fisi ni wa Sultani, Kifuu imemwacha!" Akakidonoa kitambaa cha Fisi kutoka kiti cha Kifuu, akakirusha. Kabla kitambaa hakijagusa maji, Bi Pimbi alikuwa amekaa. Alikuwa amekaa, amefungua kanga, ameitandika, na anaomba apewe kitu cha kutafuna haraka.

"Karibu sinia, mama," walisema abiria wa Kifuu. Akatia mkono, akala. Pii, pii! Na mara hii aligeuka kila mtu.

Kifuu ikaenda ikiyumba, shuka, panda, kila jabali. Kila waliposhuka wenyeji waliwavuta mkono. Jabali hili walimpa Bi Pimbi unga, jabali lile njugu, jabali lile asali ya porini, kwa kuwa nani amwone bibi anakwenda kwa mzazi na kichwa kitupu? Alipofika Kisiwa cha Majabali alishuka na miguu mikavu na mizigo ya kubebewa.

Na alikuta nini? Mtoto ametolewa nje! Wageni wamekaa, masinia ya pilau yanafuka, na bibi mzaa baba amemshika mtoto, amesafisha koo, amefungua mdomo: "Mtoto huyu ataitwa Ta—"

"Hodi!" alisema Bi Pimbi.

Kisiwa kizima kikapiga vigelegele. Binti yake aliinuka akilia, akamkumbatia na mizigo yake yote. Bi Pimbi akampokea mtoto kutoka kwa mkwe mwenzake, kwa adabu, bila kumcheka, alimcheka moyoni tu, akamnong'oneza jina sikioni, kisha akalitangaza: "Anaitwa Tunu." Vigelegele tena! Hata yule bibi mzaa baba alipiga kimoja, kidogo, cha pembeni ya mdomo.

Booooo.

Mbali, kule maji marefu, Sultani wa Maji ilikuwa inapita. Abiria walijaa ukingoni kupunga mkono. Na kati yao Fisi, mbavu nje, harufu ya pilau imempiga puani.

"Simamisheni!" alilia. "Simamisheni!"

"Haisimami kwa ajili ya mtu, bwana," alisema mtu na joho.

Fisi akamwona Bi Pimbi juu ya jabali, mtoto mkononi, mfupa wa pilau mdomoni. Akapaza sauti juu ya maji: "Wewe! Ulinidanganya!"

"Neno gani lilikuwa la uongo, baba?" Bi Pimbi alimjibu. "Nitajie moja tu, nikuombe radhi!"

Fisi akainamisha kichwa. Akaanza kuyalinganisha yale maneno, moja moja. La kitanda, kweli. La sahani, kweli. La kusimama, kweli. Alipomaliza la mwisho akainua kichwa amjibu, na kisiwa kilikuwa hakionekani tena.

Hadithi imefunga kamba gatini, shukeni mmoja mmoja. Iliyowakolea mkalale nayo, iliyowachachia mniachie kwenye chungu.

— Na fundisho, bibi?

Fundisho lipo. Kikubwa siku zote ni bora kuliko kidogo. Kabla hujachagua, linganisha, halafu linganisha tena. Na mtu akikwambia ukweli mtupu, mwamini, kwa sababu ukweli haujawahi kumdhuru mtu. Mimi bibi yenu siwaambiagi kitu kingine.