Pengwini Afungwa Mdomo

Lifti ya jengo la ofisi ilikuwa imekwama kati ya orofa mbili, na ndani yake mlikuwa na watu watatu waliokwisha kuchoka kusubiri. Juu yao, kwenye upenyo mdogo wa mlango, ulichungulia uso wa kijana mwenye bisibisi mkononi na tabasamu pana kama kipande cha tikiti. Huyo alikuwa fundi wa lifti. Wote waliomjua walimwita Pengwini, kwa sababu ya ndege mnene, mweusi kwa mweupe, aliyechorwa kwenye fulana zake, kofia yake na hata kikombe chake cha chai. Ndege huyo ni nembo ya Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta unaoundwa na watu wa pembe zote za dunia kwa ushirikiano. Anayeutaka huuchukua bure, akauchungulia hadi matumbo yake na kuubadilisha apendavyo. Pengwini aliupenda kama mama ampendavyo kifungua mimba wake.

"Msiwe na wasiwasi," aliwaambia mateka wake huku akifungua skrubu. "Nawatoa sasa hivi. Ila nyote naona mmebeba kompyuta. Hebu niambieni, kwa nini mnatumia mfumo unaojizima wenyewe mtu akiwa katikati ya kazi?"

"Tutoe humu!" alifoka bwana mmoja.

"Nawatoa, mzee wangu. Lakini siku ile utakapojaribu Linux..."

Wawili walimlaani mpaka sauti zikakauka. Wa tatu, msichana mmoja mkalimani wa lugha ya alama, alicheka mpaka akaketi sakafuni. Alipotolewa alimwambia, "Nimetafsiri hotuba nyingi maishani, lakini hii ndiyo ya kwanza kuisikia nikiwa nimefungiwa." Kicheko kile kikazaa mazungumzo, mazungumzo yakazaa penzi, na haikuchukua muda wakawa kama chanda na pete.

Maoni ya Pengwini hayakuwa mabaya. Aliamini kwamba kompyuta haizeeki, bali huzeeshwa. Ukiitoa diski yake ya zamani inayozunguka, ukaipa mpya na kuiongezea kumbukumbu, mashine iliyotupwa stoo huamka ikakimbia kama swala. Kibodi nyembamba za siku hizi alizifananisha na kuandika juu ya kigae. Programu ambayo msimbo wake, yaani maagizo yaliyoiunda, umefichwa aliiita chungu kilichochomelewa kifuniko. "Utakulaje usichokiona?" aliuliza kila alipopata wa kumuuliza.

Tatizo halikuwa maoni, bali mdomo. Alihubiri kinyozini, alihubiri kwenye foleni ya benki, na siku moja alimhubiria daktari wa meno ilhali kinywa chake kimejaa pamba. Marafiki wakimwona kwa mbali walivuka barabara. Na katika watu wote hao, hakuna hata mmoja aliyewahi kuuhama mfumo wake. Maneno ya Pengwini yaliwapita kama maji juu ya jani la gimbi.

Ikafika siku ya kwenda kujitambulisha kwa wazazi wa mchumba wake. Mama yake mkalimani, ambaye kila mtu alimwita Mama Mwalimu, aliendesha shule ya chekechea katika ua wa nyumba yake, na alichagua makusudi siku ya sherehe ya kufunga mwaka. "Mtu humjui akiwa amekaa kitini," alisema. "Mjue akiwa anabeba viti."

Njiani mkalimani alisimama, akamshika Pengwini mabega.

"Leo nakuomba jambo moja. Usimhubirie baba. Ukianza, hatamaliza kukusikiliza, na mimi nitazeekea kwetu."

"Hata kidogo tu? Akiuliza?"

"Mpenzi wangu, kitu kizuri hakihitaji kupigiwa debe. Nikibana vidole hivi mbele ya midomo, ujue umevuka mpaka."

Pengwini alikubali kwa shingo upande, kama mtoto aliyeambiwa asiguse keki.

Baba mtu alikuwa mpima ardhi mstaafu, mrefu, mnyoofu kama nguzo ya mpaka, na kwa kazi aliyoifanya ujana wake wote aliitwa Mzee Ramani. Pengwini alimwamkia kwa adabu zote. Mzee aliitikia, akaitazama ile kofia yenye ndege, kisha akamkaribisha chai.

"Nasikia u fundi," alianza. "Na kompyuta unazijua?"

Pengwini alihisi ulimi ukimwasha. Ng'ambo ya meza, vidole viwili vilibanwa mbele ya midomo.

"Kidogo, baba."

"Basi nikufundishe. Kompyuta ni kama soli ya kiatu. Ikilika, tupa, nunua nyingine. Na ununue ya bei kubwa, kwa sababu rahisi ni ghali. Siku hizi kuna watu wanagawa vitu vya bure kwenye kompyuta. Cha bure hakikosi mwiba! Unaonaje?"

Kila neno lilimchoma Pengwini kama siafu ndani ya soksi. Alijaza mkate kinywani, akautafuna polepole sana, kisha akaomba ruhusa akabebe viti. Alibeba viti vyote vya sherehe bila kupumzika. Mama Mwalimu alimtazama kutoka dirishani, akamnong'oneza bintiye, "Mkimya, na mchapakazi. Mbona ulinitisha?" Mkalimani alilazimika kugeukia ukutani ili asicheke.

Sherehe ile haikuwa mchezo. Ng'ambo ya barabara ilikuwa imefunguliwa shule ya ghorofa yenye bembea za kila rangi, na wazazi wengi walikuwa nusu huku, nusu kule. Wakipendezwa leo, watoto wangebaki. Wakichoshwa, Mama Mwalimu angefungua mwaka mpya akiwa na madawati matupu. Kwa hiyo alikuwa amewafundisha watoto mchezo wa nyimbo, wote wakivaa kama mboga na matunda. Muziki wa nyimbo hizo ulipigwa na rafiki yake mpiga kinanda kabla hajahamia nchi ya mbali, nao ulikuwa ndani ya kompyuta ya shule pamoja na picha za kila mtoto tangu alipoanza kushika kalamu.

Wazazi walikwisha kujaa, na Karoti na Mchicha walikwisha kupigania nafasi ya mbele, pale sauti ya Mama Mwalimu iliposikika kutoka darasani.

"Baba Watoto! Mashine ina nini hii?"

Mzee Ramani alikuja kwa hatua za taratibu. "Haina neno. Asubuhi iliniomba ruhusa ijiboreshe. Iliomba kwa heshima, nami nikaipa."

Mashine iliandika kwamba inajiandaa. Ikazima. Ikawaka. Ikaandika kwamba inajiandaa. Ikazima tena. Mzee aliibonyeza hapa, akaibonyeza pale, kijasho chembamba kikamtoka, lakini ilikuwa kama mbwa anayeufukuza mkia wake. Uani, wazazi walianza kutazama saa. Mtoto aliyevaa nguo nyekundu ya Nyanya aliingia darasani, akauliza kama muziki uko tayari, na alipoambiwa wataimba bila muziki, alikunja mikono.

"Bila muziki, siimbi," akasema, na machozi yakaanza kumlengalenga. Nyanya alikuwa mwimbaji mkuu.

Mama Mwalimu aliketi kwenye kiti cha mtoto, magoti yakimfika kifuani, akaziba uso kwa viganja. Pengwini alisimama mlangoni na kiti cha mwisho begani. Alijua la kufanya. Aliliona wazi kama mwezi wa kumi na tano, lakini ahadi ni deni, naye hakutaka kuwa mdaiwa wa mchumba wake siku ya kwanza. Alimtazama tu, macho yakiomba.

"Wewe!" mkalimani alimwambia. "Nimekukataza kuhubiri. Nimekukataza kusaidia?"

Kiti kilitua chini. Pengwini alichomoa funguo zake mfukoni. Kati ya funguo hizo ilining'inia flashi ndogo kama ukucha, ambayo ndani yake aliweka Linux kamili, tayari kuamsha kompyuta yoyote bila kugusa kilichomo. Aliichomeka, akawasha mashine huku akibonyeza kitufe kimoja mfululizo. Kioo kikawa cheusi, kisha mistari ya maandishi meupe ikaanza kuporomoka kama mvua.

"Unafuta kila kitu!" Mzee Ramani alipiga kelele, akamdaka mkono.

"Sifuti, baba. Nasoma tu."

Hakuongeza neno. Mzee aliuachia mkono ule polepole. Mara ikatokea picha tulivu ya mlima, na chini yake vialama vichache. Pengwini alifungua diski ya mashine, akaingia kabati hili la mafaili, akatoka, akaingia lile, na picha za watoto zote zikajitokeza, pamoja na nyimbo zikiwa zimepangwa kama mwenye shule alivyoziacha. Mama Mwalimu aliruka kutoka kwenye kile kiti kidogo, nacho kikaruka naye.

Walibeba mashine hadi uani, wakaiwasha tena kwa ile flashi, wakaiunganisha na spika. Watoto walijipanga. Pengwini akabonyeza wimbo wa kwanza.

Kimya.

Akabonyeza tena. Mawimbi ya sauti yalicheza kwenye kioo, lakini spika hazikutoa hata mkwaruzo. Hii ilikuwa aibu aliyoifahamu vizuri, ambayo katika mahubiri yake yote hakuwahi kuitaja: mara nyingine mfumo wake mpendwa hupeleka sauti kusikotakiwa. Wazazi walikohoa. Mzee Ramani alikunja uso. Nyanya alishusha pumzi na kuanza kukunja mikono tena.

Pengwini alifungua kisanduku cha mipangilio. Akaona sauti inapelekwa kwenye kioo cha kompyuta, ambacho hakikuwa na spika. Akaielekeza mahali pake.

Kinanda kililipuka uani kama jua lililotoka ghafla mawinguni. Nyanya alitupa mikono yake hewani, akaanza kuimba kwa sauti kubwa kuliko mwili wake, na bustani nzima ikamfuata. Mchicha alisahau maneno akacheza tu. Karoti alianguka, akainuka, akapigiwa makofi mengi kuliko wote. Picha zilipopita kwenye kioo, kila mzazi alimwonyesha jirani yake, "Yule! Yule ni wangu!" Hadi wimbo wa mwisho, mashine ile haikusitasita hata mara moja.

Baadaye wazazi walimzunguka Mama Mwalimu kuulizia nafasi za mwaka ujao, hata akakosa pa kupitia. Pengwini alijitenga jikoni, akakunja mikono ya shati, akaanza kuosha vikombe. Mzee Ramani alimfuata, akafunga mlango.

"Kijana. Kile ni kitu gani?"

"Ni mfumo mwingine tu, baba."

"Mfumo gani? Wa nani? Unauzwa wapi?"

Pengwini alisugua kikombe kimoja mpaka kikakaribia kutoboka. "Baba, nisamehe. Binti yako amenikataza kuuzungumzia."

"Binti yangu?" Mzee alisimama wima. "Mimi ndiye baba yake. Amri hiyo naitengua. Sema!"

Mlango ulifunguka kidogo, mkalimani akachungulia, akicheka machozi. "Sema, lakini kwa ufupi!"

Basi kwa mara ya kwanza maishani mwake, Pengwini alizungumzia Linux akiwa ameulizwa. Alishangaa jinsi maneno yalivyokuwa machache. Alieleza unatoka wapi, unafanya nini, na kwamba ile mashine haikufa wala haikuhitaji kutupwa.

"Na ni wa bure?" aliuliza mzee. "Mwiba wake uko wapi?"

Zamani Pengwini angeapa kwamba hauna mwiba. Sasa alitabasamu. "Umeuona, baba. Sauti iligoma mbele ya watu wote. Na kama Mama ana programu ya kazi isiyokubali mfumo huu, abaki na aliouzoea. Sitamlazimisha."

Mzee Ramani alicheka kicheko kilichotingisha vikombe. "Fundi anayenionyesha ubovu wa mali yake, huyo namwamini. Nilikuwa nimekuandalia maswali ya kukutoa jasho, mwanangu, lakini jasho limenitoka mimi. Binti umempata. Sasa njoo, kuna kompyuta mbili nilizitupa stoo."

Kuanzia hapo Pengwini hakuhubiri tena, na hakuhitaji. Mzee Ramani alijaribu kumrithi, akawa anawasimamisha majirani barabarani kuwaeleza habari za mfumo mpya, nao wakamkimbia kama marafiki walivyomkimbia mkwewe. Lakini wazazi waliokuja kuwachukua watoto waliiona mashine ya Mama Mwalimu ikiwaka kabla hawajamaliza kusalimiana. Waliona watoto wakichora picha kwa zile mbili za stoo, zilizokwisha kufufuliwa. Walikwenda nyumbani, wakafuta vumbi kompyuta zao kuukuu.

Jumamosi moja Pengwini alipokuja kumwona mchumba wake, alikuta watu wamepanga foleni kwenye geti, kila mmoja amekumbatia kompyuta kama aliyeleta mtoto kliniki. Mbele kabisa alisimama baba yake Nyanya.

"Fundi, tuwekee hicho cha shuleni," alisema. "Lakini mbona hutuambii kwanza sifa zake?"

Pengwini alikunja mikono ya shati, akavuta meza kivulini. "Wekeni hapa," alijibu. "Mtajionea wenyewe."

Mkalimani, aliyekuwa akiwatolea wageni viti, alimtazama mchumba wake akifanya kazi kimya, mabega yakimcheza kwa furaha, naye akasadiki kwamba wahenga hawakukosea waliponena: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.