Nyumba ya Wachangiaji

Mbarouk alichangisha pesa mitandaoni kwa picha ya Bi Mwanakheri, kikongwe wa kibanda kinachovuja, na kikongwe mwenyewe hakuona hata bati. Michango ilipokatika, akamfuata.

"Bibi, watu wananiita tapeli. Njoo ulie mbele ya simu, mubashara, wapate kuniamini."

"Machozi, mwanangu? Hata mamba anayo. Watu wanataka kuona nyumba. Ile yako mpya si bado haina mtu? Nisimamishe mlangoni, unipe ufunguo, useme ndiyo michango yao."

Mbarouk alicheka mpaka akashika mbavu. "Bibi, ungesoma wewe, ungekuwa waziri."

Kesho yake akasimama mubashara, kanzu imenyooka kwa pasi. "Wachangiaji, nyumba ya bibi ndiyo hii. Namkabidhi mbele yenu. Mimi humu sina changu, hata msumari."

Bi Mwanakheri akapokea ufunguo, akaufunga kwenye pindo la kanga, akaomba ashike simu atoe shukrani mwenyewe. Akashukuru, akawaombea dua.

"Haya, yamekwisha," Mbarouk akanong'ona. "Nirudishie ufunguo wangu."

"Sema kwa sauti, mwanangu," akajibu bibi, simu ikimtazama Mbarouk usoni. "Wachangiaji hawajakusikia."