Kanga na Wajumbe wa Mengineyo

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa nini?

— Sema wewe!

Pakawa na kichaka, na ndani ya kichaka pakawa na Kanga. Kanga ndege, jamani, si kanga ya kuvaa. Msianze kunicheka mapema.

Hapo zamani za kale, wanyama wa bonde moja walipenda mikutano kuliko kula. Mwenyekiti alikuwa Nyati, kwa sababu hakuna aliyethubutu kumwambia ashuke kitini. Katibu alikuwa Ngiri, kwa sababu aliitikia "ndiyo, Mzee" kabla Mzee hajasema.

Kanga alikuwa na jambo moja tu. Kila kiangazi, vidimbwi vikikauka, Nyati na kundi lake walishuka mtoni mbiombio, na njia yao ilipita katikati ya kichaka chake. Mwaka uliotangulia walipita juu ya mayai yake. Hawakujua. Hata hawakugeuka. Kanga alishinda akiokota maganda, akiyapanga kama vile yangeungana tena.

Mkutano wa kwanza uliitishwa kilimani. Kanga akapanda, akafika akihema.

"Katibu, nina jambo. Naomba njia ya mtoni ipinde kidogo."

"Shemeji, hilo dogo," akasema Ngiri. "Nimeliweka kwenye mengineyo."

"Mengineyo ndiyo nini?"

"Yanakuja mwisho. Wewe subiri tu."

Kanga akasubiri. Wakasalimiana. Wakapongezana. Wakabishana nani ana pembe nzuri, wakala, wakapongezana tena. Ilipofika zamu ya mengineyo, Nyati akapiga mwayo. "Mengineyo tutayaona kikao kijacho. Nimefunga!"

Kanga akashuka peke yake, akiimba. Niitikieni:

Langu dogo, langu dogo,
— Lina roho ndani yake!
Nitalisema lini?
— Lina roho ndani yake!

Mkutano wa pili ulifanyika topeni, maana Mwenyekiti alitaka kugaagaa. Wakati huo Kanga alikuwa ameshataga. Akayafunika mayai kwa nyasi, akaenda, akasimama kwenye tope kwa mguu mmoja.

"Bado na lile lako?" akauliza Ngiri. "Si uhame tu?"

"Nihamie wapi, shemeji? Kila penye nyasi pana kwato."

Wakacheka. Wakapongezana. Nyati akapiga mwayo. "Mengineyo kikao kijacho!"

Langu dogo, langu dogo,
— Lina roho ndani yake!

Basi ukakaribia mkutano wa tatu, ule mkubwa, wa kupanga safari ya mtoni. Vidimbwi vilikuwa vimekauka. Kesho yake baada ya mkutano kundi lingeshuka. Mara hii mengineyo yakiahirishwa tena, Kanga angeokota maganda mengine.

"Nani atatuandalia mahali?" akauliza Ngiri. "Kufagia, matunda, maji?"

Macho yote yakamgeukia Kanga. "Mama Kanga huyo! Kina mama ndio wanaoyajua hayo."

Akisema hasikilizwi, lakini kufagia anafaa! Manyoya yalimsimama Kanga. Akafikiri kidogo.

"Nitaandaa kwa moyo wote," akasema. "Ila mahali nichague mimi."

"Chagua, chagua! Hayo madogo."

Akafagia kichakani kwake. Akatandika majani laini, akaweka matunda na maji. Wageni wakaanza kufika, naye Kanga akawaambia mmoja mmoja, "Karibu ndugu yangu, lakini angalia unapokanyaga." Wakaingia kwa ncha za kwato, wakakaa duara. Ngiri naye akakunja magoti, akakaa.

Nyati akaja wa mwisho, ardhi ikitetemeka. Kanga akasimama mbele yake, akatandaza mabawa. Alikuwa mdogo kuliko kichwa cha Nyati, lakini hakusogea.

"Karibu, Mzee. Polepole tu. Kuna wajumbe wamelala hapo."

"Wajumbe gani?"

"Wa mengineyo."

Nyati alikuwa ameshainua mguu. Akatazama chini yake. Mayai! Na yai moja likalia, ko, ko, ko, likapasuka, kikatoka kichwa kilicholowa. Kifaranga akaliona lile limguu juu yake, akalilia kama analisalimia.

Nyati hakuushusha mguu. Akabaki hivyohivyo, wa miguu mitatu, akipumua taratibu asije akampeperusha.

"Mwaka jana," akanong'ona, "tulipopita hapa..."

"Ndiyo, Mzee."

"Mbona hukusema?"

"Nilisema. Mlikuwa mnafunga kikao."

Nyati akarudi nyuma, akapiga magoti. Machozi yalimlengalenga. "Katibu! Ajenda ya kwanza ni nini?"

Ngiri akainuka haraka. "Mengineyo, Mzee."

Kesho yake kundi zima lilishuka mtoni polepole, likikizunguka kichaka. Nyati mbele, wenziwe nyuma wakinong'onezana, "Pita pembeni, pita pembeni." Na Kanga ndani, amefunika watoto kwa mabawa, akiimba kwa sauti ya kubembeleza:

Langu dogo, langu dogo,
— Lina roho ndani yake!

Basi wenzangu, mkipanga kikao, msianze kuuliza mwenyekiti atakaa wapi. Ulizeni ni nani atakayerudi nyumbani akilia asiposikilizwa. Lake liwe la kwanza.

Hadithi yangu imefika kichakani, imetaga. Iliyempendeza aiatamie. Isiyempendeza, naye apite pembeni tu, asiikanyage.